Sahihi ya Loyce

Siku ya Jumanne, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mbio za Singida mjini, Loyce alimwambia Eliana asimame kwa mguu wa kushoto peke yake, aguse ukuta kwa kidole kimoja, kisha aruke mara tatu papo hapo. Eliana aliruka mara moja. Hakulia wala hakulalamika. Alirudisha mguu wa kulia chini haraka, akatazama dirishani kama mtu aliyesikia anaitwa, na jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Asubuhi ile kulikuwa na baridi. Upepo wa Julai ulikuwa unasukuma vumbi la soko la Mtinko mpaka ndani ya chumba cha matibabu, na hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kutoka jasho.

"Rudia," Loyce alisema.

"Dada Loyce, nimechoka tu. Jana tulikimbia sana."

Hakurudia. Loyce akamlaza kitandani, akamkunja goti, akaushika mguu na kuuzungusha taratibu kuelekea ndani. Kabla haujafika mbali, Eliana alimkamata mkono. Maumivu yalikuwa ndani kabisa, kwenye kinena, mahali ambapo mtu hawezi kupaonyesha kwa kidole. Alikiri kwamba yalianza wiki tatu nyuma, kwanza mwisho wa mazoezi, halafu katikati, na sasa hata akijigeuza kitandani anayasikia. Hakumwambia mtu.

Loyce alivuta stuli, akakaa karibu na kichwa chake. Aliuliza mambo ambayo hakuna mtu pale kambini aliwahi kumuuliza binti huyo: asubuhi anakula nini, kwa siku anakula mara ngapi, na mara ya mwisho kwenda mwezini ilikuwa lini. Swali la mwisho lilimfanya Eliana afunike macho kwa kiganja. Alijibu kwamba ni tangu Februari. Wasichana wa kambini walikuwa wameambizana wenyewe kwa wenyewe kuwa siku zikikatika ndiyo mwili umeiva kwa mbio, na hakuna aliyethubutu kwenda kumuuliza kocha mwanamume habari kama hizo. Kuhusu chakula, alikuwa akila ugali mara moja, mchana, kwa sababu alitaka awe mwepesi.

Hapo Loyce hakuhitaji kuuliza zaidi. Alimweleza kwamba kwa anavyoona, mfupa wa paja lake una ufa, juu kwenye shingo ya mfupa huo, pale unapoingia kwenye nyonga. Mfupa usiolishwa hauwezi kujijenga, na kila hatua ya mbio inaongeza ufa. Kuanzia saa ile asikimbie. Hata chooni aende kwa magongo. Akiendelea kuukanyaga, unaweza kukatika kabisa, na mfupa ukikatika pale damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa. Kuna watu wa umri wake wamebaki wakichechemea maisha yao yote.

Eliana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba jambo moja: habari za siku zake zisitoke mle chumbani. Loyce akampa neno lake.

Kambi ile ilikuwa nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma nyuma ya soko, na ndani yake waliishi wanariadha kumi na wawili, saba wasichana na watano wavulana, wote watoto wa wakulima na wafugaji wa vijiji vya jirani. Mwenye kambi alikuwa mzee Anuari, mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti wa Singida mjini, mtu aliyependa riadha tangu shuleni na ambaye hakuwahi kukimbia hatua hata moja ya mashindano. Kocha alikuwa Chediel, Mnyiramba wa Kiomboi, askari mstaafu aliyeliwakilisha jeshi kwenye mbio miaka kumi na minne. Chediel alilala nyumba moja na vijana wake, alikula walichokula, na aliamka kabla yao. Hakuna aliyeweza kusema hawapendi.

Loyce alikuja baadaye. Wakala mmoja wa mbio za nje alikuwa ameandika kwamba hachukui mwanariadha kutoka kambi isiyo na mtaalamu wa afya, kwa hiyo mzee Anuari akatafuta mtaalamu. Akampata mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mtoto wa fundi wa reli wa Itigi, aliyesoma fiziotherapia miaka mitatu huko Moshi, akafanya kazi ya mkataba wodini Kiomboi akinyoosha magoti na mabega ya waendesha bodaboda, kisha akaenda Dodoma kujifunza majeraha ya michezo. Leseni yake aliifanya upya kila mwaka, na ili aifanye upya ilimpasa aendelee kusoma.

Mzee Anuari alidhani ameajiri mtu wa kuchua misuli. Kocha Chediel alidhani ameletewa mtu wa kubeba maji. Wanariadha ndio waliogundua mapema. Loyce aliamka nao saa kumi na moja, akawapima mapigo ya moyo kabla hawajatoka kitandani, akayaandika. Alivikagua viatu vyao kwa chini na kumwambia mtu kwamba nyonga yake ya kulia ni dhaifu, na ikawa kweli. Alimjua aliyelala vibaya, aliyefiwa, aliyeanza kuukwepa mguu mmoja kabla mwenyewe hajajua. Alinunua barafu kwa muuza soda, akawazamisha miguu kwenye ndoo huku wakipiga kelele, wakamwita Mama Barafu. Ndani ya miezi minane wavulana wawili waliokuwa wameambiwa warudi kulima walikuwa wamerudi barabarani.

Lakini hao walikuwa wavulana wa kawaida. Eliana ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa kasi kambini. Na kwenye mbio zile za Singida, nusu marathoni, wakala angekuja mwenyewe kuchagua wasichana wawili wa kwenda kukimbia nje.

Kocha alipopewa habari alicheka bila furaha. Alisema yeye alikimbia na maumivu ya kinena msimu mzima na yakaisha yenyewe. Alisema wasichana wakikaribia mashindano makubwa wote huumwa. Loyce akamwambia waende wakapige picha. Wakaenda hospitali mjini, wote watatu, kwenye gari la mzee Anuari, na picha ya eksirei ikatoka haina kitu. Mfupa mweupe, mzima, hauna mstari.

Loyce aliitazama picha ile kwenye mwanga mpaka macho yakamuuma. Hakushangaa. Alifundishwa, na alishaona mwenyewe, kwamba ufa mchanga wa mfupa ule mara nyingi eksirei haiuoni kwa wiki kadhaa za mwanzo. Akaomba Eliana apelekwe Dodoma kwenye kipimo cha MRI. Kocha akamuuliza, mbele ya binti na mbele ya dereva, kama yeye anaona kuliko mashine.

"Mashine imeonyesha inachoweza kuonyesha," Loyce alisema. "Mimi nimeushika huo mguu."

Kesho yake habari ilikuwa imeenea kambini kwamba picha ni safi. Eliana alianza kuyaacha magongo mlangoni.

Siku ya Ijumaa mzee Anuari aliwaita Loyce na kocha ofisini kwake, kwenye kinu cha mafuta mjini. Ilikuwa msimu wa alizeti. Malori yalikuwa yamepanga foleni nje, magunia yamejaa mpaka varandani, na harufu ya mashudu ilishika nguo. Loyce aliamkia, shikamoo mzee, akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa kiti cha plastiki. Kocha alikuwa ameshakaa kwenye kile cha mto.

Juu ya meza palikuwa na karatasi moja. Waandaaji wa mbio walitaka kila mwanariadha wa kambi alete fomu ya afya iliyosainiwa na mtaalamu wa kambi yake. Fomu kumi na moja Loyce alikuwa ameshazisaini. Hiyo ilikuwa ya Eliana.

Mzee Anuari hakuwa mtu wa kugomba. Alieleza kwa utaratibu kwamba ameijenga kambi ile miaka mitano, kwamba haijawahi kupeleka msichana nje hata mmoja, na kwamba Eliana ana mama mjane na wadogo wanne. Kipimo cha Dodoma hakikataliwi. Kitafanyika baada ya mbio, Jumatatu yake, na gari litatoka kwake. Loyce aweke sahihi tu ili binti asizuiwe. Asubuhi ya mbio atachomwa sindano ya maumivu, atakimbia, na mambo yataisha.

Loyce alisema hasaini.

Kocha akauliza, akimtazama mzee na si Loyce, huyu mama amekimbia wapi. Yeye anajua miguu ya wakimbiaji kwa sababu amekuwa mmoja wao. Huyu vyeti vyake ni vya hospitali, vya kunyoosha wazee waliopooza. Nani alimwambia kwamba anajua mbio?

Loyce alifungua mkoba. Alitoa cheti cha chuo, akakiweka juu ya meza. Akatoa cheti cha kusajiliwa, akakiweka pembeni yake. Akatoa leseni ya mwaka ule, na cheti cha mafunzo ya majeraha ya michezo. Alivipanga bila haraka, kama mtu anayeandaa meza ya chakula.

"Mzee wangu, mimi sijakimbia popote," alisema. "Nimekaa miaka mitatu nikishika mifupa ya watu mikononi mpaka nikaijua kwa majina gizani. Nimefanyiwa mitihani na watu waliokuwa wanatamani nifeli. Hii leseni inaweza kuchukuliwa nikidanganya, na ndiyo maana sahihi yangu ina maana. Kocha akisema nimekosea kuhusu kasi, nanyamaza, hiyo ni kazi yake. Kuhusu mfupa, naomba aweke na yeye chake hapa mezani."

Chediel hakuwa na cha kuweka. Alitazama magunia.

Mzee Anuari aliuliza basi, kwa hivyo vyeti vyote, ni kitu gani kinachompa uhakika kuliko picha. Loyce alikuwa na jibu. Ingetosha sentensi moja kuhusu siku zilizokatika tangu Februari. Aliliacha lipite. Alisema kuna mambo aliyoambiwa na mgonjwa, na mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Kocha akatikisa kichwa kwa namna ya kumhurumia mzee.

"Binti, usiposaini atasaini mwingine," mzee Anuari alisema.

"Asaini. Atakayesaini ajue anasaini nini."

"Na wewe ujue kambi ni yangu."

"Kambi ni yako, mzee. Mguu ni wa Eliana, na sahihi ni yangu."

Akavikusanya vyeti kimoja kimoja, akasimama, akaaga kwa heshima. Jioni ile ile dereva alikuja Mtinko kuchukua funguo za chumba cha matibabu.

Alipokuwa akifunga begi, Eliana aliingia. Loyce alidhani amekuja kumuaga. Binti alikuwa na hasira. Alisema Loyce amemharibia, kwamba sasa kila mtu anamwangalia kama mgonjwa, kwamba Loyce mwenyewe ana mshahara na cheo na kwao Itigi kuna nyumba ya bati, atajuaje. Mama yake Eliana, mama Dorkas, alikuwa analima vibarua vya vitunguu kwa watu. Nafasi hii ikipita haitarudi.

Loyce alimwacha amalize. Maneno yale yalimuuma kuliko yote ya ofisini, kwa sababu hayakuwa ya uongo. Alikaa kwenye kitanda kitupu, akamvuta akae naye.

"Mimi siwezi kukufunga kamba," alimwambia. "Wewe ni mtu mzima, mguu ni wako. Nikikudanganya kwamba hakuna kitu ndipo nitakuwa nimekuharibia. Kwa hiyo nisikilize jambo moja tu. Ukiwa barabarani ukasikia mguu umeachia, au maumivu yamebadilika ghafla, kaa chini hapo hapo. Usisimame kwa ajili ya mtu yeyote. Si kocha, si mzee, si mama yako. Kaa chini."

Eliana alifuta uso kwa ukosi wa jezi, akatoka.

Loyce hakurudi Itigi. Alikuwa na rafiki mjini, nesi, akalala kwake. Wiki ile yote watu walimpa ushauri. Rafiki yake alimwambia amefanya lake, aache. Baba yake alipiga simu kutoka Itigi akasema mtu hashindani na wakubwa, aombe radhi. Loyce alimsikiliza kwa adabu, akamwambia baba, radhi ya nini. Alisikia kwamba fomu imesainiwa na mtu mmoja mwenye duka la dawa, kwamba Eliana anafanya mazoezi mepesi, kwamba anacheka.

Ijumaa iliyofuata, siku mbili kabla ya mbio, alikwenda kwa kamati ya huduma ya kwanza. Hakutaja kambi wala jina la mtu. Alitoa leseni yake, akasema anajitolea. Walikuwa na upungufu wa watu. Wakampa kizibao cha rangi ya machungwa na kumuuliza angependa kituo gani. Alishasoma ramani ya njia. Alijua kwamba mteremko huutwisha mfupa mzigo kuliko mlima, na kwamba mwanariadha mwenye sindano mwilini hujiamini zaidi anaposhuka. Akaomba kituo cha mteremko wa kuelekea ziwani, baada ya kilomita ya kumi na moja.

Jumapili watu walijaa pande zote za barabara. Wanaume walipita kwanza, kisha, baada ya muda, pikipiki ya kuongoza wanawake. Eliana alikuwa wa pili. Mtu asiyejua angesema anakimbia vizuri. Loyce aliona bega la kushoto likishuka kila mguu ule ulipogusa lami, kidogo sana, upana wa kidole. Nyuma yake, juu ya bodaboda, kocha Chediel alikuwa anamhesabia muda kwa sauti.

Katikati ya mteremko Eliana alisimama. Hakuanguka. Alisimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akaweka mikono yote miwili chini, akakaa kwenye lami, mguu wa kushoto ukiwa umenyooka mbele yake. Wasichana wawili wakampita. Bodaboda ikafunga breki.

Loyce alikuwa anakimbia tayari, begi likimpiga mgongoni. Alimsikia kocha akimwambia Eliana anyanyuke, ni mkakamao tu, atembee hatua mbili utaachia. Vijana watatu wa pembeni wakajitokeza kumshika kwapani. Eliana alikuwa mweupe kwa vumbi na machozi, na alikuwa anatikisa kichwa.

"Sisimami," alikuwa anasema. "Kocha, sisimami."

"Msimguse," Loyce alisema. Hakupaza sauti. Alipiga magoti kati ya Eliana na wale vijana, akaweka kiganja juu ya goti lake. "Umefanya vizuri. Usiuinue. Niachie mimi huo mguu."

Kocha alisema huyu alishafukuzwa kambini. Aliwaambia watu, aliwaonyesha kwa mkono. Loyce hakumtazama. Alikuwa anagusa unyayo, anamuuliza Eliana kama anasikia vidole, anapima kwa macho kama mguu umefupika au umegeukia nje. Haukuwa umegeuka. Bado kulikuwa na kitu cha kuokoa. Akaomba khanga mbili kwa akina mama waliosimama karibu, akaweka jaketi lake katikati ya miguu, akaifunga pamoja kuanzia mapajani mpaka vifundoni. Machela ikaletwa na mtu mmoja tu wa kituo.

"Kocha," alisema, na sasa alimtazama. "Ninahitaji watu watano wa kuinua kwa pamoja, nina wanne. Shika upande wa kichwa, au ondoka njiani."

Wakimbiaji waliendelea kupita pembeni yao, viatu vikipiga lami. Chediel alitazama barabara inakoelekea, kisha akaweka saa yake mfukoni na kuinama. Loyce akahesabu mpaka tatu, wakainua.

Safari hii picha ilionyesha mstari. Ulikuwa umeanzia upande wa juu wa shingo ya mfupa na kufika zaidi ya nusu, lakini vipande havikuwa vimeachana. Alipelekwa Dodoma siku ile ile, Loyce akiwa amekaa naye nyuma ya gari la wagonjwa, na usiku haujaingia akatiwa skrubu tatu. Daktari aliyempasua alimwambia mama Dorkas kwamba kama mtoto wake angesimama na kutembea hatua mbili tatu, mazungumzo yao yangekuwa mengine. Mama Dorkas alimshika Loyce mkono, akamuuliza kwa nini hakuja kumwambia mapema. Loyce akajibu kwamba haikuwa yake kuisema. Hakujua kama mama yule alimwelewa. Yeye mwenyewe alikuwa amejiuliza swali lile kila siku.

Wakala alichagua wasichana wengine wawili, wa kambi nyingine.

Wiki tatu baadaye mzee Anuari alifika kwa yule nesi, peke yake, akiendesha mwenyewe. Hakukaa. Alisema kambi imekosa mtu, wanariadha hawampi kocha raha, na yeye angependa Loyce arudi Jumatatu, tusahau yaliyopita.

Loyce alimkaribisha chai. Alisema hana nia ya kusahau, na kwamba atarudi kwa mambo yaliyoandikwa. Mambo hayo alikuwa nayo kwenye karatasi, kwa mwandiko wake. Neno la kumsimamisha mwanariadha aliyeumia liwe la mtaalamu wa afya, na lisitenguliwe na kocha wala mwenye kambi. Neno la kumrudisha liwe lake vilevile. Sindano ya maumivu isichomwe kwa mtu ili akimbie. Na wasichana wale chakula mara tatu kwa siku, kocha akiwaona.

Mzee alisoma akiwa amesimama. Alisema katika maisha yake hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwandikia masharti.

"Basi mwenye duka la dawa yupo," Loyce alisema. "Anasaini haraka."

Mzee aliondoka na karatasi mfukoni na uso umekunjamana. Zilipita siku tisa. Loyce alianza kuulizia kazi Manyoni. Siku ya kumi dereva alileta karatasi ile ile, ikiwa na sahihi ya mzee na muhuri wa kinu, na funguo.

Mwisho wa Septemba, mzee Anuari aliitisha kikao cha kambi nzima uani, ili masharti yasomwe. Eliana alikuja na mama yake, akitembea kwa gongo moja. Aliketi kwenye benchi pamoja na wenzake. Mzee alisoma kwa sauti kavu, kifungu baada ya kifungu, kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Kocha Chediel alisimama. Tangu siku ya mbio alikuwa amemsalimia Loyce tu, asubuhi na jioni. Alisema atayafuata, yeye ni askari na amezoea kufuata amri. Lakini kuna jambo linamnyima usingizi na analiuliza mbele ya watu wote. Picha ya kwanza ilikuwa safi, aliiona kwa macho yake. Huyu mama alijuaje? Kama ni kubahatisha, iandikwe kwamba tunafuata bahati. Kama ni elimu, aifundishe.

Loyce alisema sehemu ilikuwa kwenye mguu, nayo atamfundisha. Sehemu nyingine hawezi kuisema. Minong'ono ikaanza. Mvulana mmoja akaguna.

Eliana alishika gongo na kusimama. Mama yake alimvuta gauni, naye akautoa ule mkono polepole.

"Nitaisema mimi," alisema. "Nilikuwa sijaenda mwezini tangu Februari. Nilikuwa nakula mara moja kwa siku. Dada Loyce aliniuliza, nikamwambia, nikamkataza kuwaambia. Alifukuzwa kazi akiwa amenyamaza kwa sababu yangu. Sioni aibu tena. Aibu nimeiacha Dodoma. Na humu ndani siko peke yangu."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Wavulana walitazama viatu vyao. Mzee Anuari aliondoa kofia na kuivaa tena. Kocha Chediel alibaki amesimama, mikono imening'inia, na usoni mwake mlipita kitu ambacho Loyce hakuwahi kukiona pale kabla. Aliwatazama wasichana wake mmoja mmoja, kama anayewahesabu, kisha akaketi na kusema kwa sauti ndogo kwamba hakujua kuwa jambo hilo linahusu mbio.

"Sasa umejua," Eliana alisema, naye akaketi.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, Loyce alipofungua mlango wa chumba cha matibabu, wasichana wanne walikuwa wameshakaa kwenye ngazi, wamejifunika khanga kwa sababu ya upepo. Aliwaambia waingie mmoja mmoja. Akawasha taa, akavuta stuli karibu na kitanda, na kumwambia wa kwanza afunge mlango.